Jina Nililoliruka

Mwezi wa saba Sumbawanga baridi haina adabu. Inakukuta kitandani, inakufuata jikoni, inakusindikiza mpaka darasani. Kila asubuhi nilikuwa naamka, nawasha moto, nateleka uji wa ulezi, namvalisha mdogo wangu Jane sweta mbili, kisha mimi na Yonas, anayenifuata kuzaliwa, tunatoka mbio kwenda shule. Njia yetu ilipita mbele ya mahakama ya mwanzo. Hapo ndipo mbio zangu zilipokoma.

Nje ya mahakama kulikuwa na ubao wa matangazo, na kati ya karatasi zilizobandikwa pale, moja ilikuwa yetu. Ilisema kwamba mama yangu, Fransiska, ameomba kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu Benjamini, yaani baba yangu, na kwamba yeyote mwenye pingamizi ajitokeze kabla siku thelathini hazijaisha. Nilishaikariri, lakini kila siku nilisimama niisome tena.

"Wewe Bertilla, hiyo karatasi huwa inaongezeka maneno?" Yonas alikuwa ananiuliza. "Tutachelewa kuhesabu namba mstarini!"

"Nyamaza, twende," namjibu.

Ngoja nieleze kilichokuwa kinanitesa. Baba alifariki mwezi wa nne. Alituachia nyumba na shamba la mahindi na ulezi, vyote kwa jina lake. Hata miezi miwili haijaisha, jirani mmoja akaanza kusogeza mpaka. Kila akilima anaingia kwetu hatua mbili tatu. Mama akienda kulalamika anaulizwa, "Wewe unalisemea shamba hilo kama nani? Una barua ya mahakama?" Barua hakuwa nayo, na hakujua aanzie wapi. Ndipo alipoelekezwa kwa Mama Lukmani.

Mama Lukmani ni msaidizi wa kisheria. Wengi mjini wanaijua familia yake kwa duka la vitenge, lakini mchana anakaa kwenye kiofisi kidogo nyuma ya duka, anawasaidia watu wasioweza kumweka wakili. Alimwambia mama, "Kwanza ukoo wenu ukae. Mmchague msimamizi, mtaje warithi wote, yaandikwe kwenye muhtasari, kila aliyekuwepo aweke sahihi. Mahakama itaanzia kwenye huo muhtasari."

Ukoo ukakaa nyumbani kwetu, watu wazima kumi na mmoja. Wazee wetu wakiwa na jambo zito hawaliongei kwa Kiswahili, kwa hiyo kikao kizima kilikwenda kwa Kifipa. Lakini mahakamani wanataka Kiswahili. Baba mkubwa Polikarp, kaka yake baba, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Mpeni Bertilla kalamu. Yuko darasa la saba, na mwandiko wake unasomeka hata bila miwani." Sifa zile zilinipanda kichwani, sifichi. Wao wakasema kwa Kifipa, mimi nikaandika kwa Kiswahili.

Walipofika kwenye watoto wa marehemu, baba mkubwa akahesabu kwa vidole: Jenifa wa Kasanga, Bertilla, Yonas na Jane. Wanne.

Jenifa! Baba alimzaa kabla hajamwoa mama, enzi zile anakwenda Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, kununua samaki wa migebuka. Sikuwahi kumwona mpaka siku ya mazishi. Alikuja na mjomba wake, ana miaka kumi na mitano, na paji la uso la baba lote analo yeye. Wanawake wakawa wananong'ona, "Huyu ndiye mkubwa wa marehemu." Mkubwa? Miaka kumi na mitatu baba anaitwa Baba Bertilla, mama anaitwa Mama Bertilla, halafu mtu anashuka kwenye basi siku moja tu, ananitoa kwenye nafasi yangu? Niliumia, tena niliumia sana. Basi kalamu ilipofika pale nikaandika: "Watoto wa marehemu ni watatu. 1. Bertilla." Jenifa nikamruka.

Hakuna aliyesoma. Wazee wakaweka dole gumba mmoja baada ya mwingine, mama akatia sahihi huku machozi yanamtoka, na muhtasari ukaenda mahakamani.

Tangu siku ile sikujua kutulia. Nikiosha vyombo, sahani zinaniponyoka. Nikisikia pikipiki inasimama nje, natoka kuchungulia. Mara nilitaka Jenifa ajitokeze aweke pingamizi, yaishe. Mara naomba hizo siku thelathini zikimbie, nazo zikawa zinajivuta. Nilijipa moyo: Jenifa ana mama yake, ana ndugu zake kule ziwani, shamba la huku la kazi gani? Halafu nakumbuka alivyolia kaburini akiita "baba", na uji unanishinda.

Zikiwa zimebaki siku mbili kesi isikilizwe, Mama Lukmani akaja nyumbani kumwandaa mama. Baba mkubwa naye alikuwepo. Nikamwamkia mgeni, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nikajikalia mlangoni, najifanya nachambua maharage. Mama Lukmani akatoa nakala ya muhtasari akaiweka magotini.

"Mama Bertilla, keshokutwa utaapa mbele ya hakimu, halafu utaulizwa maswali. Usiogope, tujaribu hapa hapa. Marehemu ameacha watoto wangapi?"

"Wanne," mama akajibu bila kusita.

Mama Lukmani akainua macho. "Wangapi?"

"Wanne. Watatu wangu, na Jenifa wa Kasanga."

"Humu wameandikwa watatu."

Mama Lukmani akavua miwani, na sauti yake ikabadilika. "Mimi nakusaidia kwa sababu nimeamini ulichoniambia. Sasa huyo binti akija kulalamika, unadhani watasema nini? Watasema mjane amemficha mtoto wa mwenzake ili wanawe wafaidi. Unaweza kunyimwa usimamizi, na jina lako litachafuka mji mzima. Niambie ukweli, ulimficha?"

"Haki ya Mungu sikumficha!" Mama alisimama. "Nimficheje, wakati mimi mwenyewe ndiye niliyempokea msibani?"

Baba mkubwa akakohoa. "Jamani, tusifike huko. Tuliongea Kifipa, mtoto akaandika Kiswahili, akakosea kutafsiri. Ni hilo tu. Na siku zenyewe zimekwisha. Shemeji, sema watatu, upate barua yako. Jenifa tutamkumbuka wenyewe kifamilia."

"Niape uongo, shemeji?" mama akauliza.

Mimi pale mlangoni nilikuwa nimeshapata pa kutokea. Kukosea kutafsiri! Nani angenilaumu? Nilitakiwa kunyamaza tu. Lakini mama alikuwa amesimama katikati ya chumba anaangaliwa kama mwongo, kwa kosa langu mimi, na tena anaambiwa akaape. Ungo wa maharage ukanidondoka.

"Sikukosea kutafsiri," nikasema. "Nilisikia vizuri. Nilimruka makusudi."

"Unasemaje?" baba mkubwa akanigeukia.

"Nilitaka mimi ndiyo niwe wa kwanza." Nikaanza kulia, makamasi na machozi pamoja. "Mama hajui kitu. Ni mimi peke yangu."

Mama hakunipiga. Alikaa chini polepole akajifunika uso kwa khanga. Heri angenipiga.

"Yaani wazee wote wale tumeweka dole gumba kwenye uongo!" baba mkubwa akasema, na alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Mama Lukmani ndiye aliyetutoa pale. "Kosa limejulikana kabla ya kiapo, linarekebishika. Keshokutwa tunakwenda, tunamweleza hakimu lilivyo, tunaomba muda." Kweli tukaenda. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, kisha akaagiza ukoo ukae upya, Jenifa au mtu wa upande wake awepo, na tangazo libandikwe tena. Siku thelathini nyingine! Na jirani yetu hakuwa mtu wa kusubiri. Wiki ile ile aling'oa vigingi viwili vya mpaka alivyoviweka baba. Mama aliniambia hilo bila kufoka, akaongeza, "Simu ya Kasanga utapiga wewe."

Nilizunguka na ile simu uani karibu saa nzima, nabonyeza namba, nafuta. Mwisho ikaita.

"Haloo, dada Jenifa? Ni mimi, Bertilla." Sikuwahi kumwita dada. Nikamweleza yote, haraka haraka, nisije nikaghairi.

Aliningoja nimalize. "Kwa hiyo ulinifuta."

"Sikukufuta. Sikukuandika tu."

"Si yale yale?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni yale yale. Naomba unisamehe, dada."

"Sijui kama nimekusamehe," akajibu. "Nitakuja. Lakini hiyo karatasi nitaisoma mwenyewe."

Alikuja Jumamosi na mjomba wake. Wazee wakakaa tena, na safari hii Mama Lukmani alialikwa. Ilipofika saa ya kuandika, baba mkubwa akashika kalamu, anaigeuzageuza, hajui ampe nani. Mama Lukmani akasema, "Mpe Bertilla. Ila kila mstari atausoma kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, na hapana mtu kuweka kidole kabla hajasomewa." Nikaandika: "Watoto wa marehemu ni wanne. 1. Jenifa. 2. Bertilla." Nikasoma mara mbili, kwa lugha zote mbili. Jenifa akaivuta karatasi, akapitisha kidole chake juu ya kila jina, kisha akasogea kwenye mkeka akanipa nafasi nikae.

Tangazo la pili lilipoisha bila pingamizi, mahakama ikamteua mama kuwa msimamizi. Alikwenda na barua yake kwa mwenyekiti wa mtaa, mpaka ukapimwa mbele ya majirani, na vigingi vikarudi mahali pake. Mpaka leo mama anaitwa Mama Bertilla, na hakuna aliyeninyang'anya kitu.

Siku tulipopeleka nakala ya barua kwa Mama Lukmani, alinibakiza pale ofisini, na baba mkubwa akabaki pia.

"Wewe Polikarp na wenzako," alianza, "msiweke tena dole gumba kwenye kitu ambacho hamjasomewa, hata kama aliyeandika ni mtoto wenu wa kuzaa." Baba mkubwa akainamisha kichwa. Kisha Mama Lukmani akanigeukia mimi. "Na wewe, ulipewa kalamu kwa sababu watu kumi na mmoja walikuamini. Hasira zako zilikuwa na haki ya kuwepo. Ungelia, ungemwambia mama yako, ungegomba hata na Jenifa mwenyewe. Lakini ulizipeleka kwenye karatasi ya mahakama, na mtu ambaye jina lake halimo kwenye karatasi ile, mahakama haijui kama yupo. Dada yako alikuwa hai, ana baba, na wewe kwa mstari mmoja ulimfanya hana. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama," nikasema.