Aliyeitwa Chumba Namba Tatu

Yaliyomkuta rafiki yangu yalimkuta mchana kweupe, na mpaka leo hathubutu kuyakumbuka akiwa peke yake.

Ni fundi wa kompyuta. Zahanati moja ilimpa kazi ya kuweka mfumo wa kuita wagonjwa kwa kipaza sauti. Aliandika faili la XML, yaani maelezo ya mpangilio wa taarifa, kwamba kila mgonjwa atakuwa na jina na namba ya chumba. Programu yake ikalisoma, ikaunda yenyewe hifadhidata na huduma ya mtandaoni. Hifadhidata ilikuwa tupu, alikuwa hajaingiza hata jina moja.

Mara umeme ukakatika. Chumba cha mitambo alimokuwa akifanyia kazi hakikuwa na dirisha, kikawa giza totoro. Feni zikavuma kwa unyonge, zikanyamaza.

"Dada, tulia hapohapo, naleta tochi," nesi alisema kutoka koridoni.

Kipaza sauti kikakwaruza, ingawa umeme haukuwepo. "Kijino," kikaita taratibu, "ingia chumba namba tatu."

Kijino ni jina aliloitwa na marehemu baba yake tu.

"Nesi, umesikia?"

"Nimesikia." Nesi akajibu kutoka mlangoni. "Kijino ndiye nani? Hapa tuna vyumba viwili tu."

Rafiki yangu akapapasa ukuta ulio mbele yake akitafuta mlango, akashika kitasa. Kilikuwa kinazunguka chenyewe kiganjani mwake, na sauti ya nesi ilikuwa imetoka nyuma yake, kwenye mlango pekee wa chumba kile.