Mkono Kwenye Boksi Jekundu

Swichi ilikuwa imelala katikati. Fyuzi aliitazama kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani kwake, kisha akaizungusha kushoto, mahali pake. Ilikuwa ya baridi. Au pengine haikuwa ya baridi. Kidole hakikumwambia kitu.

Walimwita Fyuzi kwa sababu alikuwa fundi, na kwa sababu alikuwa mwepesi wa kukatika. Shule ya ufundi hakuiona. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, na alichokijua alikisema peupe, upende usipende. Akatoka chumba cha pampu moja kwa moja hadi ofisini kwa msimamizi wa kiwanda.

"Nani kagusa swichi yangu?"

"Salamu kwanza, Fyuzi."

"Salamu baadaye! Swichi iko katikati. Katikati ni kuzima. Wewe ndiye unayelalamika injini inakupigia kelele siku za majaribio."

"Mimi?" Msimamizi akapuliza moshi wa sigara. "Mimi hata feni ya nyumbani nawashiwa na mke wangu."

Fyuzi hakucheka. Kiwanda kilikuwa cha magodoro, na sponji ikishika moto haimsubiri mtu avae viatu. Ghorofani walikaa wanawake wanaoshona makava, na mmoja wao alikuwa Mama Pacha, mkewe. Kati yao na moto kulikuwa na boksi jekundu ukutani lenye swichi ile, basi.

Kazi ya boksi lile ilikuwa kusikiliza. Lilisikiliza presha ya maji kwenye mabomba, usiku na mchana, kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mchanga. Presha ikishuka, maana yake vinyunyizio vya darini vimepasuka kwa joto, au mtu kafungua mpira wa kuzimia moto. Hapo boksi haliulizi. Linaiamsha injini ya dizeli inayoendesha pampu, kwa betri ya kwanza. Ikigoma, linapumzika kidogo, linajaribu kwa betri ya pili, tena ya kwanza, tena ya pili. Na injini ikishaamka kwa moto, boksi haliizimi hata ichemke, hata oili iishe. Kengele zitalia, lakini itasukuma maji mpaka ife. Afadhali ife injini. Ni mkono wa mtu tu unaoweza kuisimamisha.

Yote hayo, swichi ikiwa kushoto.

Akaweka kufuli jipya kwenye boksi, ufunguo mmoja, akauvaa shingoni. Kesho yake kufuli lilikuwa limefungwa vizuri na swichi ilikuwa katikati. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Taa ya kuonya kwamba swichi haiko kushoto ilikuwa inawaka, lakini honi yake haikutoa sauti, na alipochungulia nyuma aliona waya wake umechomolewa, ncha imeviringishwa tepu nyeusi. Aliurudisha waya na swichi mahali pake, akaijaribu honi, ikalia. Akawakusanya wapakiaji na mlinzi uani, akawatolea macho.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Yumo humu humu anayetaka tuungue!"

"Fundi, ufunguo unao wewe," mlinzi alisema taratibu. "Sisi tutaingilia wapi, tundu la kufuli?"

Watu wakacheka. Fyuzi akangoja hasira ipande kama kawaida yake. Haikupanda. Aliisubiri kama maji kwenye bomba kavu, akasikia upepo tu.

Jioni ile, nyumbani, alikuwa ameishika sufuria ya uji aliyoitoa jikoni, anatafuta mahali pa kuitua.

"Baba Pacha!" mkewe alinong'ona. "Huna kitambaa mkononi."

Akaitua. Kiganja cha kulia kilikuwa kimetoka malengelenge meupe. Alikitazama kama kiganja cha jirani.

"Hakiumi," alisema.

Mama Pacha akafunga mlango wa chumba cha watoto kabla ya kusema neno. "Bibi yangu alikuwa akitoa majini. Alisema jini la moto haliwezi kugusa kitu kilichowekwa kuuzima moto. Linaazima mkono wa mwenye ruhusa. Linaanza kwa kuutia ganzi, ili mwenyewe asijue unakokwenda."

"Mambo ya bibi yako hayo."

"Haya. Ule waya ulionieleza, ile tepu ilifungwaje?"

Fyuzi akaikumbuka ile tepu. Ncha ya tepu ilikuwa imekunjwa kidogo, ili siku ya kuibandua usihangaike na kucha. Katika kiwanda kizima ni mtu mmoja tu aliyefunga tepu namna hiyo. Naye ndiye aliyekuwa amekaa pale, anatazama malengelenge.

"Mpe msimamizi ufunguo," mkewe alisema. "Mwambie ukweli, wewe si ndiye mtu wa ukweli?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwizi ni mkono wangu?"

"Hivyo hivyo."

"Na dawa yake?"

"Bibi alisema jini la ganzi halikai penye maumivu. Ila lazima mwenyewe uumie kwa kutaka."

Asubuhi alifika ofisini, akasimama mlangoni, akageuka akarudi. Alijiambia atamweleza mchana. Mchana mashine ya kukatia sponji ikatoa cheche.

Alisikia mayowe, akaona moshi mweusi unatoka madirisha ya juu, na alipokuwa anakimbia hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye. Swichi ilikuwa katikati. Honi kimya. Akafungua kufuli kwa mkono wa kushoto, kwa huo huo akaizungusha swichi hadi upande wa kulia, wa fundi kuwasha mwenyewe, akabana kitufe cha betri ya kwanza, injini ikakohoa ikanyamaza, akabana cha pili, ikakohoa, ikanguruma. Mabomba yakatetemeka. Maji yalikuwa yanapanda.

Kisha kengele ya joto ikalia, na ndipo akauona mkono wake wa kulia unanyanyuka, polepole, bila haraka, kama mkono wa mtu anayekwenda kumzimia taa mtoto aliyelala, na kichwani mwake sauti tulivu inamwambia injini inaungua, fundi gani huyu anayeiacha injini iungue, izime, ni kitendo kidogo tu, na kidole cha kwanza kilikuwa kimeshagusa swichi, na juu sauti za wanawake zilikuwa bado zinasikika na hakujua ipi ni ya mkewe, basi akaukamata mkono ule kwa mkono wake wa kushoto, akauburuta kama mwizi, akaukandamiza kwenye bomba la moshi la injini, akaushikilia pale, na haukumwambia kitu, na harufu ya nywele ikajaa chumba, na haukumwambia kitu, akaegemeza uzito wake wote.

Halafu ukauma.

Alipiga yowe ambalo wapakiaji waliosimama uani walilisikia juu ya mngurumo wa injini. Msimamizi akaingia mbio, akaudaka ule mkono ulioungua, akautoa kwenye bomba.

Ghorofani maji yalinyesha mpaka moto ukafa. Wanawake wote walitoka, wamelowa, wanakohoa. Mama Pacha alipomwona mumewe analia na kukipuliza kiganja chake, akaanza kucheka kwa machozi. "Kinauma?"

"Kinauma, mama. Kinauma kwelikweli."

Hapo hapo getini, bila kuzunguka, Fyuzi alimweleza msimamizi yote: swichi, tepu, mkono. Akavua ufunguo shingoni, akamkabidhi.

"Umefanya la kiungwana," msimamizi alisema. Aliupokea kwa mkono ule ule aliomdakia Fyuzi, sigara ikiwa vidoleni. Alikuwa mtulivu sana. "Nenda katibiwe. Boksi niachie mimi, nitaliangalia mwenyewe."

Aliendelea kuzungumza. Sigara ilikuwa imekwisha, moto wake umefika katikati ya vidole, ngozi inakunjamana, na harufu ya nywele zilizoungua ikawafikia wote watatu. Msimamizi peke yake hakutazama chini.