Mpangaji Asiyefiwa

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipofika kukagua nyumba. Nani anakagua nyumba saa hizo? Lakini sare za shule za watu zilikuwa hazijaisha, na bwana wa halmashauri alishamwambia: leo, la sivyo anapewa mwingine. Kule walikopanga kodi ilikuwa imepanda tena, na mwisho wa mwezi walitakiwa watoke. Mumewe, mlinzi wa usiku, alishaingia lindoni. Basi akaja peke yake.

"Ndiyo hii, dada," alisema yule bwana. "Ilitelekezwa miaka mingi. Halmashauri tumeichukua, tumeezeka upya, tumepiga rangi. Vyumba viwili na sebule kwa kodi ya chumba kimoja. Utapata wapi tena?"

"Twende basi ukanionyeshe."

"Aa, ingia tu wewe. Mimi nipo hapa hapa getini."

Mshonaji akacheka. "Mwanamume mzima unaogopa nyumba yenu wenyewe?"

Bwana alimkabidhi ufunguo tu.

Ndani kulinukia rangi mbichi. Sebule pana, jamani! Akaona kabisa cherehani yake itakaa wapi, pale dirishani penye mwanga. Akapapasa ukuta kwa kiganja, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Jiko safi. Vyumba vyote viwili vikavu. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango mmoja zaidi, huo umepigiliwa mbao kwa misumari.

Hapo harufu ilibadilika.

Poda ya mtoto. Poda, na maziwa yaliyokaukia kwenye nguo.

Krr... krr... Kitu kilikwaruza mlango kutoka upande wa pili. Chini kabisa, usawa wa mtu anayetambaa.

Kisha...

"Mama."

Akainama hadi sakafuni.

Binti yake alifariki akiwa na miezi kumi na moja. Homa tu, jamani, homa! Alikuwa hajasema hata neno moja. Watoto wenziwe wanaita mama, yeye anapuliza mate na kucheka, na mshonaji kutwa anambembeleza: sema mama, sema basi, mchoyo wewe! Akaondoka hajasema. Sasa sauti hii angeilinganisha na ipi? Lakini matiti yalimuuma kama siku za kunyonyesha, na machozi yalikuwa yanatiririka kabla hajajua kwamba analia.

"Abee, mwanangu," alinong'ona. "Nipo."

Kukwaruza kukakoma.

Alipotoka, bwana wa halmashauri alimtazama usoni mara moja tu, akajua.

"Umemsikia nani?"

"Mwanangu."

"Umeitika?"

"Nimeitika."

Bwana alishika kichwa. "Mimi humsikia marehemu kaka yangu. Anapiga mluzi." Aliteremsha sauti. "Wanasema aliyeijenga alifiwa na mkewe, akamleta mganga amfungie marehemu humo ndani asiende zake. Sijui alifunga au alifungua, maana tangu hapo kila anayeingia humsikia wa kwake. Familia tatu zimehama. Na nyuma ya mlango ule hakuna chumba, dada. Kilibomoka. Kuna kisima cha zamani, ukitupa jiwe husikii likifika."

"Na bado mnaipangisha?"

"Wakubwa wanasema ni uzushi, watu hawana pa kulala. Mimi nimetafuta mtu ambaye hajafiwa. Wanaoomba nyumba wamejaa pale ofisini, lakini wote, wote kabisa, wamezika. Nipe ufunguo. Nitakutafutia nyingine, labda mwakani."

Mshonaji alikaza ngumi juu ya ufunguo. "Tunahamia kesho," alisema.

Wakahamia. Mumewe alisema hasikii kitu. Aliapa. Huyu ni mtu ambaye hata makaburini hakutoa chozi, mpaka mashemeji wakamsema. Kila jioni kabla ya kwenda lindoni alikagua misumari, akamkuta mkewe amelalia sakafu, sikio kwenye mlango, anaitika abee, abee. Alimwinua taratibu.

"Mama yake, inuka. Hakuna kitu hapo."

"Nimwone mara moja tu. Mara moja!"

"Hakuna kitu."

"Huna moyo wewe! Hata sikukuona ukimlilia!"

 Mlinzi alichukua rungu lake akaenda kazini.

Jioni moja mshonaji alitoka kununua uzi. Aliporudi, harufu ya poda ilimpokea barazani. Akaita, asijibiwe. Akakimbia.

Mbao zilikuwa chini. Misumari imewekwa kando, mmoja baada ya mwingine, kama mtu alifanya kazi bila haraka. Mumewe alikuwa amepiga magoti na sare yake ya ulinzi, kifua kinampanda na kushuka, uso mzima umelowa machozi. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa.

"Mume wangu..." Akasogea hatua moja. "Mume wangu, kuna kisima. Ulisema husikii!"

"Nilikuwa namsikia tangu siku ya kwanza," alisema mlinzi. "Kila siku anakuita wewe. Wewe tu. Mimi nakaa kimya, nasema labda hanijui."

"Toa mkono, nakuomba. Toa mkono, baba yake!"

Alimgeukia mkewe, na jamani, alikuwa anatabasamu.

"Leo kasema baba."