Mchumba Wangu Alinifundisha Kukaa Kimya

Nina miaka ishirini na saba. Nina shahada ya uchumi ambayo baba yangu aliiwekea fremu na kuitundika sebuleni kwetu, hapa Njombe, mahali ambapo kila mgeni anaiona kabla hajapewa chai. Mimi mwenyewe siku hizi nikipita pale nageuza uso. Nimechoka, wasomaji wenzangu. Machozi yameshakauka, ndiyo maana leo naweza kuwasimulia bila kulowesha karatasi.

Tangu nimalize chuo nilikuwa nyumbani. Nalima viazi na mama, natuma maombi ya kazi, narudi shambani. Kila msiba na kila harusi lazima atokee shangazi mmoja aniulize mbele za watu, "Betina, bado tu?" Bado, shangazi! Ungetaka nikujibu nini? Baba yeye aliacha kabisa kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Aliyekuwa ananipa moyo ni Festo, mchumba wangu. Kijana wa Makambako, mpole, mwanakwaya, mtu wa kusalimia hadi watoto. Tulikutana kwenye semina ya vijana ya kanisa. Kwao walishaleta posa, wazee walishakaa wakakubaliana, ilibaki kupanga siku ya ndoa. Naye alikuwa mhitimu kama mimi, naye hana kazi kama mimi. Tulizoea kutaniana kwamba tukioana tutakuwa tunakaanga vyeti kwa mafuta kidogo na chumvi.

Basi kukatokea kampuni moja ya ushauri wa biashara kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanafungua ofisi ndogo Makambako na walitafuta mhitimu mmoja. Mmoja tu! Tukaomba wote wawili, na wote wawili tukaitwa kwenye siku ya mchujo.

Kwa wasioijua, hiyo siyo ile ya kukaa kwenye kiti ukaulizwa jina lako na shule uliyosoma. Ni kutwa nzima. Asubuhi mtihani wa hesabu na grafu, kisha mahojiano, halafu mnakalishwa meza moja watu sita, mnapewa tatizo la mteja mlijadili pamoja, huku watu wa kampuni wamekaa pembeni wanaandika tu.

"Akipata mmoja, tumepata wote," Festo aliniambia. Jamani, nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwanaume wa namna hiyo. Nilikuwa tayari kabisa kumshangilia akinishinda. Msilisahau hilo mnapoendelea kusoma.

Tukaanza kujiandaa. Kila Jumamosi Festo alipanda Njombe, tukaazimwa chumba cha shule ya Jumapili pale kanisani. Ilikuwa miezi ile ya baridi kali, ukungu hadi mlangoni. Mimi sweta, juu yake kitenge cha mama, na vidole bado havishiki kalamu. Hesabu nilimfundisha mimi, maana zilikuwa zinampiga chenga. Kusoma grafu nilimfundisha mimi. Asilimia zilipomshinda nilimrudishia mara mbili, mara tatu, wala sikuchoka. Ningechokaje? Si mume wangu?

Yeye akasema atanifundisha ile ya mezani. Alisema ana rafiki aliyewahi kuipitia, kwa hiyo anajua wanachotaka.

"Betina, pale usidandie maneno ya watu. Wanapima adabu wale. Ukae utulie, usikilize, mwongoza kikao atakupa nafasi yako. Ukipewa ndipo useme, na useme kidogo." Hivyo ndivyo alivyonifundisha. Tukifanya mazoezi yeye anajifanya mwenyekiti, na mimi nikidakia kabla ya kuitwa ananitikisia kidole, tunacheka.

Na mimi niliamini, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa! Kwetu kikao cha ukoo kina mkubwa wake. Mtoto wa kike anakaa, anasikiliza, na baadaye mkubwa anageuka na kusema, "Na binti yetu, una neno?" Hapo ndipo unafungua mdomo. Mikutano ya mtaa ni hivyohivyo, ya kanisa hivyohivyo. Maishani mwangu sikuwahi kuona kikao kisicho na mwenyekiti.

Siku ikafika. Tulikutana kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Makambako, upepo wa mji ule unapiga madirisha. Hesabu nilizimaliza mapema nikabaki nakagua. Mahojiano yalikwenda vizuri hadi mama mmoja wa kampuni akacheka na kunipa mkono. Moyo wangu ukaanza kuimba.

Tukaingia mezani. Wanaume wanne, wanawake wawili, mimi na Festo tukiwa tumekaa bega kwa bega. Tukapewa tatizo. Eti kuna kiwanda cha kukaanga viazi, kinalipa bei nzuri, lakini wakulima hawakiuzii, wanawauzia wachuuzi wa lumbesa, yaani wale wanaojaza gunia kupita mdomo wake hadi linavimba kichwa. Kwa nini mkulima anakubali kunyonywa na kuacha bei nzuri?

Mungu wangu! Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Kiwanda kinachagua viazi vikubwa, vidogo kinamwachia mkulima, na akibaki na vidogo vitupu hakuna wa kuvinunua, vinaozea ghalani. Tena kinataka viazi vifikishwe barabara ya lami. Mchuuzi wa lumbesa ananyonya, ndiyo, lakini anakuja hadi shambani, anazoa vyote, anaondoka. Mama yangu kila msimu anapiga hesabu hiyo huku amekaa juu ya gunia!

Wenzangu wakaanza kurushiana maneno. Huyu anasema wakulima hawana elimu, yule anasema kiwanda kijitangaze redioni. Mimi nimetulia, mikono mapajani, nasubiri. Namtafuta mwongoza kikao kwa macho. Yuko wapi? Nikawaangalia wale waliokaa pembeni, labda mmojawao atasema, "Na dada yetu?" Wanaandika tu...

Dakika zikawa zinakwenda. Nikashindwa kuvumilia, nikamnong'oneza Festo jibu lote sikioni. Nilidhani atasema, "Mwenzetu hapa ana hoja, tumsikilize."

Festo akakohoa kidogo, akasema, "Jamani, mimi naona hivi." Akalitoa lote. Viazi vidogo, barabara ya lami, mchuuzi anayekuja hadi shambani. Akaongeza hata mama aliyekaa juu ya gunia, ambaye nilishamsimulia Festo habari zake siku za nyuma tukiwa tunaota moto jikoni kwetu. Yule mama wa kampuni aliacha kuandika akamtazama. Meza nzima ikamgeukia yeye. Na mimi, mjinga mimi, nikatikisa kichwa kukubali, nikiona fahari jinsi mwenzangu anavyojua kueleza!

Muda ukaisha. Sikuwa nimesema neno hata moja.

Walipompa kazi Festo, mimi nilipigiwa simu na yule mama. Alikuwa mpole. Alisema hesabu zangu zilikuwa nzuri kuliko za wote. "Lakini mdogo wangu, mezani hukuwepo. Kazi yetu ni kumshauri mteja, sasa mshauri asiyesema tutampeleka wapi?" Nikajibu asante, nikaingia jikoni nikamenya viazi vya jioni.

Sikumlaumu Festo. Nilijilaumu mwenyewe. Siku aliposimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemjibu maombi, mimi ndiye niliyeanzisha wimbo.

Kabla hajaanza kazi alitakiwa kwenda Dar kwa mafunzo. Mama yake akaandaa kasherehe, nikashuka Makambako kumsaidia. Mama yule ananipenda, siwezi kumsingizia. Alinipokea kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mkwe wangu!" akanikumbatia, tukakaa uani na ungo tukichagua mchele. Akaanza kumsifu Mungu.

"Maana mwaka jana, mwanangu, alirudi kutoka Iringa kwa watu haohao analia kama mtoto mdogo. Walimkataa! Eti mezani alikaa kimya anasubiri mwenyekiti, kumbe hawaweki mwenyekiti, kila mtu anajisemea. Nikamwambia, mwakani wakikuita, ongea baba, ongea!"

Nikamwomba arudie. Akarudia, tena anacheka. Hapakuwa na rafiki yeyote. Yeye mwenyewe alikalia meza kama ile mwaka mmoja kabla yangu, tukiwa bado hatujajuana, yeye mwenyewe alikosea, na kosa lake akalichukua, akalivalisha adabu, akanipa mimi Jumamosi baada ya Jumamosi, huku nikimfundisha asilimia kwa vidole vilivyoganda!

Festo alipoingia na kreti za soda nilimwita nje ya geti. Nilimuuliza mara moja tu. Hakukana. Alitazama chini, akachora vumbi kwa kiatu, kisha akasema kitu ambacho hadi leo nikilala nakisikia.

"Sasa Betina, ungepata wewe, mimi ningekuwa nani? Nikuoe halafu nikae nyumbani nikusubiri urudi ofisini? Kazi si yetu sote?"

Nilirudi ndani nikachukua mkoba, nikamuaga mama yake kwamba kichwa kinaniuma, nikapanda gari la Njombe.

Nyumbani ndiko nilikomalizwa. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo unamkataa mwanaume kwa sababu amepata kazi?" Shangazi wakaitwa. Wakasema Betina ana wivu, Betina amesoma hadi amepitiliza, kijana mwenye ofisi anaachwa hivihivi, atapata wapi mwingine? Nilichoka nikakaribia kusema haya, nimekubali, niozesheni mlale salama.

Aliyeniokoa ni mama. Tulikuwa wawili tu shambani, hajainua hata kichwa, jembe linakwenda. "Mwanangu, mimi baba yako aliponinyamazisha mara ya kwanza nilidhani litapita. Halikupita." Akaendelea kulima.

Jioni hiyo nilimwambia baba kwamba posa irudi. Mshenga akaitwa, ikarudi. Baba hajaniongelesha vizuri hadi leo. Festo yuko ofisini kwake, nasikia anatembelea wakulima na kuwafundisha habari ya viazi vidogo. Mama yake hunipigia simu mara kwa mara akiuliza wao wamenikosea nini. Nasema hakuna, mama. Nitamwambiaje kwamba ni yeye aliyenifumbua macho, tena kwa furaha yake?

Dada zangu, hasa ninyi mnaojiandaa na usaili pamoja na mtu mnayempenda, nawaomba sana. Sisemi msipende. Sisemi kila mwanaume ni Festo. Ila anayekufundisha anapogombea nafasi ileile unayoigombea, usiishie kushukuru na kuandika anayosema.

Mimi nilimuuliza Festo nivae nini, nisalimieje, nikae vipi, niweke mikono wapi. Yote alinijibu kwa upole. Katika Jumamosi zote zile sikumuuliza jambo moja dogo, nalo lingetosha kuniokoa: na wewe, Festo, siku hiyo utakaa kimya?