Mara Ishirini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa dawa ya Mzee. Mzee ni mdogo wangu, wakati huo alikuwa na miaka miwili. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya upara wake na jinsi alivyotembea mikono nyuma kama mkaguzi. Niliitikisa chupa mara ishirini kwa kuhesabu, nikavuta dawa kwa bomba dogo la plastiki, nikamminyia shavuni kabla hajafumba mdomo. Baba akanibandika jina la Nesi. Mzee neno hilo lilimshinda, akawa ananiita Nei, na hilo ndilo lilikuwa neno lake pekee lililoeleweka.

Dawa ile ilimsaidia tu, haikumponya. Jeni moja ilikuwa na hitilafu tangu azaliwe, hivyo ini lake halikuweza kuondoa sumu inayotokana na chakula. Sumu ikizidi ilipanda kwenye ubongo: alitapika, akalala usingizi usioamshika, akashikwa na degedege. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kila shambulio lingeweza kuondoka na kitu kichwani mwake.

Kwa hiyo tiba mpya ilipopatikana, mama alilia mbele za watu bila aibu. Ilikuwa dozi moja, iliyotengenezwa kwa ajili ya Mzee peke yake.

Siku ya sindano, pale hospitalini, mfamasia mwenye miwani iliyofungwa plasta alileta kichupa kwenye sinia la chuma. Kilikuwa kimetoka kwenye barafu, akakiacha mezani kipungue baridi. Simu ikalia chumba cha pili, akaenda. Mama alikuwa bafuni akimbadilisha Mzee nepi.

Nikabaki na kile kichupa. Maji yake meupe yalikuwa yametulia tuli. Hawa watu wamesahau, nikajisemea. Nikakishika kwa vidole viwili, nikakitikisa kwa nguvu zangu zote mara ishirini. Sikupunguza hata moja. Nilikirudisha nikiwa na furaha ya mtu aliyewahi kuzuia uzembe.

Mfamasia aliporudi na muuguzi, mama alitoka bafuni na Mzee, akamuuliza mfamasia, "Hivi kaka, hii inajuaje njia ya kwenda kwenye ini?"

"Mafuta ndiyo yanayoipeleka, dada. Maelekezo sahihi ya jeni tumeyafunga ndani ya vijitone vya mafuta, vidogo mno. Seli za ini huyapokea mafuta hayo, zikayameza pamoja na mzigo wake." Akakigeuza kichupa taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. "Ila hii haitikiswi. Ukiitikisa, vijitone vinapasuka na kushikana, mzigo unamwagika njiani."

Akakiinua kwenye mwanga. Povu lilikuwa limeshatulia. "Iko sawa," akasema, akaanza kuivuta kwenye bomba la sindano.

Hakuna aliyeniona. Nikisema, dozi inatupwa na Mzee anabaki na sumu yake. Nisiposema, labda itafanya kazi. Labda! Muuguzi alikuwa ameshamshika Mzee mkono. Mzee akaniona, akachekelea. "Nei!"

"Nimeitikisa," nikasema.

"Umefanya nini?" mfamasia akauliza.

"Nimeitikisa. Mara ishirini. Nilidhani ni kama ya nyumbani."

Mama alinitazama kama mtu asiyenijua. "Wewe mtoto! Umeniulia mwanangu!"

Mfamasia aliitupa ile dozi kwenye boksi la taka za sindano.

Dozi nyingine ilihitaji wiki tano. Wiki ya nne Mzee alitapika asubuhi, na kufikia mchana hakuamshika. Siku tatu alilala kitandani hospitalini, mashine ikisafisha damu yake. Siku zote hizo mama alizungumza nami kwa kuniagiza tu: leta maji, kunja shuka.

Dozi ilifika, akachomwa. Mwezi mmoja baadaye sumu kwenye damu ilikuwa imeshuka hadi karibu na kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani Mzee aliruhusiwa kula yai. Lakini alilila kimya. Lile neno lake moja lilikuwa limeondoka na shambulio.

Mfamasia alituita ofisini kwake.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Niliacha dawa bila mtu. Nimeandika hivyo kwenye ripoti. La pili ni lako, binti. Ulijua dawa moja ukadhani umezijua zote. Ungeniuliza."

Nikainama.

"Sasa nisikilize. Ungenyamaza, tungemchoma dawa iliyoharibika, mkarudi nyumbani kusubiri kitu kisichokuja. Na mwili wake ungeweza kujifunza kuyakataa hayo mafuta, hata dozi nzuri isingefaa tena. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Wewe ulisema, ndiyo maana leo ini lake linafanya kazi."

"Lakini haongei tena," nikasema, nikaanza kulia.

"Haongei," akakubali. Hakunidanganya. "Itabidi afundishwe upya."

Mama alimnyanyua Mzee akamweka mapajani mwangu. "Mfundishe basi, mwanangu," akasema. Ilikuwa miezi miwili tangu aniite hivyo.

Nikajigusa kifuani. "Nei," nikamwambia.

Nilirudia mara ishirini, kwa kuhesabu. Hakujibu, ila hakuondoa macho mdomoni mwangu.