Tabutany Aliitika Ndani ya Mashine

"Unanichezea, Chepkirui. Sema ukweli."

"Nikuchezee na tumbo hili? Mimi niliandika majina tu, Makori. Hayo mengine uliza mashine yako."

"Mashine haijui Kikipsigis!"

Nilisimama mlangoni na chupa ya chai, nikingoja wamalize. Ilikuwa mchana wa kawaida katika ofisi ya shamba la majani chai, nje ya Kericho, mwaka wa 1973. Chepkirui ni dada yangu. Mimi nilikuwa nimetolewa shule nimsaidie nyumbani, maana alikuwa karibu kujifungua. Kazi yake ilikuwa kutoboa kadi za mashine ya hesabu. Makori, Mkisii mpole wa kanisa la Sabato, ndiye aliyeiendesha.

Ukiipa mashine hiyo kadi chache za kusema unataka nini, yenyewe huandika maagizo marefu ya kazi na kuyatoboa kwenye kadi mpya. Hakuna aliyejua imejiandikia nini, mpaka kilipoletwa kisanduku cha kukagua. Kilikuwa cha betri, na kioo kidogo juu. Unatia kadi, matundu yanageuka herufi za mwanga, unasoma.

Makori alikuwa ametaka majina ya kujaribia mashine, yasiwe ya wafanyakazi, mshahara wa mtu usije ukavurugika. Dada akaweka ya nyanya zetu waliokufa.

"Hao hawatakuja kugombania mshahara," alimwambia, na wote wakacheka.

Sasa hawakucheka. Makori alitia kadi moja, akanigeuzia kioo. Niliona TABUTANY. Nyuma ya jina, mashine ilikuwa imeongeza maneno ya kwetu, ambayo hakuna mtu aliyeyatoboa.

Dada aliyasoma polepole. "Nimeitika. Nimeshaingia."

Chai niliyomimina ilipoa mezani. Hakuna aliyeigusa.

Alijifungua kesho yake. Msichana.

Kwetu, mtoto akizaliwa, kina mama humzunguka na kumwitia majina ya waliokufa, moja moja. Jina analolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Mtoto asipopiga chafya, hana mwenyewe. Hakai.

Kogo, nyanya yetu, alimsogezea ugoro puani. Akaita. Akaita tena. Mtoto alitulia tu, midomo ikianza kuwa na rangi ya majivu. Kogo alipofika kwa Tabutany, mtoto alifungua macho na kuangalia ukuta wa upande wa ofisi.

Hakupiga chafya.

Hapo dada alilia, akaeleza yote.

"Uliwaita na hakuna mtoto wa kuwapokea?" Kogo alinong'ona. "Sasa Tabutany ameingia penye nafasi." Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kuliko vya mtoto. "Kimbia. Kachomeni kadi hizo, atoke huko kabla mtoto huyu hajachoka kungoja."

Mvua ya mawe ilinikuta katikati ya shamba la chai. Majani yalikatika pande zote, vichaka vikatoa sauti kama watu wanaotafuna. Sikusimama.

Ofisini stima ilikuwa imepotea. Makori alikuwa peke yake, ameketi mbali na mashine, kiti chake kimegusa ukuta.

"Dada amepata nini?"

"Msichana. Anakufa. Kogo anataka kadi zichomwe."

"Mambo hayo mimi siyajui, mtoto wa mama. Lakini tangu asubuhi, hiyo kitu..."

Aliionyesha mashine kwa kidevu.

Mashine ilikuwa imezimika. Taa zake zote zilikuwa zimekufa. Ndani ya chuma, kitu kilipiga chafya.

Ndogo. Kama ya mtoto mchanga.

Makori aliwasha jiko la mafuta. Alipitisha kila kadi kwenye kisanduku kabla ya kuichoma, tusikosee jina. Tapkigen. Motoni. Tapnyole. Motoni. Tabutany. Hiyo ilitoa harufu ya ugoro.

Ilibaki kadi moja.

"Hii aliitoboa nani?" aliuliza.

Ilikuwa na matundu mengi kuliko zote. Aliitia. Kioo kiliwaka mpaka pembeni, lakini hakuna herufi iliyotokea. Mwanga tu. Makori aliigeuza, akaitia tena.

Mwanga tu.

"Hii si ya nyanya zenu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ichome."

Aliichoma. Haikutoa moshi. Haikuacha majivu.

Nilirudi mbio. Mawe ya mvua yalikuwa yamekoma, na njia yote ilikuwa nyeupe. Nilipofika uani sikusikia kilio cha mtoto, wala cha dada. Nilielekea mlangoni.

Kogo alitoka. Alisimama mlangoni, akaurudisha mlango nyuma yake na kuushikilia.

"Amepiga chafya," alisema. "Lakini tulikuwa tumenyamaza. Hatukuwa tumemwita mtu yeyote."