Sauti Zisizojua Jina

Siku ya gulio Kasulu mtu hatembei, anasukumwa. Nasma alikuwa anasukumwa hivyo kati ya magunia ya maharage na meza za dagaa, gauni lake la kitenge cha manjano limelowa jasho mabegani, mtandio wa kijani umeteleza mpaka shingoni, mwanawe Mwanaamina yuko mgongoni anarusha miguu. Mara akasikia sauti nyuma yake.

"Mama. Mama mtoto. Kiatu."

Akageuka. Kiatu kidogo chekundu kilikuwa kwenye kiganja cha mtu ambaye mji mzima ulimkwepa. Walimwita Turubai, kwa ajili ya lile turubai la bluu alilojifunika mvua na jua huko nyuma ya soko, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Alinuka gongo. Midomo yake ilikuwa inacheza, anajibizana na watu wasiokuwepo. Lakini kiatu alikwisha kukifuta tope kwa shati lake, na alikishika kama mtu ashikavyo yai.

"Ahsante, kaka," Nasma akasema. "Unaitwa nani?"

Midomo ikatulia. Akafikiri, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo.

"Ndayikunda."

Basi asubuhi iliyofuata, chapati zilipokuwa motoni, Nasma akasimama mbele ya genge lake akapaza sauti ya Kipwani aliyorithi kwa bibi yake wa Pangani. "Ndayikunda! Njoo unywe uji." Wauza maharage wakashika mbavu kwa kicheko. Mama Pelagia wa mihogo akamuuliza kama anajua analolitangaza mbele za watu. Nasma hakujua. Kasulu alizaliwa, ila Kiha chake kiliishia kwenye salamu na bei.

Mwenye jina ndiye aliyemweleza, macho yake kwenye kikombe. "Maana yake 'nampenda'. Marehemu mama alimkusudia Mungu."

"Na mimi nilimkusudia nani?"

"Uji. Ulitaka usipoe."

Nasma akacheka mpaka chapati ikaungua.

Mapenzi hayana mlango mmoja wa kuingilia. Kwa Nasma yaliingia kidogo kidogo, na kikombe cha uji, na bati la genge ambalo Ndayikunda alilipanda akaliziba siku aliyoamka hajanywa, na kigari cha kopo alichomtengenezea Mwanaamina. Baba wa mtoto huyo alikwenda Mwanza akasahau njia ya kurudi; hajawahi kumtengenezea hata kamba. Taratibu Ndayikunda akamweleza habari zake. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akakulia Nyakitonto, akawa fundi wa kuezeka. Alipomzika mama yake, sauti zikaanza. Gongo ilizinyamazisha, kisha zikawa zinarudi na wenzao.

"Zinakuita Ndayikunda?" Nasma akauliza.

"Hapana. Jina hazilijui. Zinaniita 'we'."

"Basi ukisikia jina lako, jua ni mimi."

Redio ndiyo iliyoleta habari ya Nyumba ya Nafuu, huko Kibondo. Serikali ilitenga fungu la kuwatibu watu wa barabarani, wagonjwa wa akili na wa pombe, bila wao kutoa chochote. Nasma akampeleka mwenyewe. Nesi Esteri, mwanamke mnene mwenye sauti ya mkutano, akawapokea, akamnyoa mgonjwa nywele, akamwanzishia vidonge na sindano ya kila mwezi. Nasma akaacha shati jeupe la mistari na namba ya simu.

Kila Ijumaa simu ya Esteri ilimpigia. Sauti ya Ndayikunda ilianza ikiwa nzito, mwanamume anajikokota ndani ya maneno. Baadaye ikawa nyepesi. Alimwambia mashavu yamerudi. Alimwambia zile sauti zimehamia mbali, anazisikia kama watu wa ng'ambo ya bonde. Ijumaa moja akasema akitoka atamtuma mshenga.

"Mahari utatoa nini, mpenzi? Turubai?"

"Nitalikata vipande viwili. Kimoja cha kaka yako, kimoja tutandike."

"Kaka yangu muuza vitenge, atalikataa rangi."

Kwa kweli kaka yake, Mansuri, hakupenda hata kuzisikia habari hizo. Duka lake lilikuwa barabara kuu, mbali na gulio, na alichojua ni kwamba dada yake anamhangaikia chizi mmoja aitwaye Turubai. Nasma, kwa kutaka amani, nyumbani hakumtaja. Alisema tu "mgonjwa wangu".

Ukaingia mwaka mpya wa bajeti, na fungu la Nyumba ya Nafuu halikuja. Nasma hakuambiwa. Ijumaa hiyo alikwenda Heru Juu kununua maharage, simu akaiacha dukani kwa Mansuri ipate chaji. Ijumaa iliyofuata akangoja, simu haikulia. Akapiga, haikupatikana. Jioni, Mansuri akiwa anakunja vitenge, akakumbuka jambo bila kuinua kichwa. Wiki iliyopita nesi mmoja alipiga kwenye simu ile ya Nasma, anamuulizia sijui Ndayikunda, kama ana ndugu hapa wa kumchukua. Yeye akamjibu hatuna mtu wa jina hilo.

Nasma akamnyang'anya kitenge.

"Ni yule mnayemwita Turubai."

Mansuri akakaa juu ya robota la vitenge.  "Kumbe ana jina," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nifundishe kulitamka. Na umwambie chumba cha uani kipo."

Nasma akaenda Kibondo, mtoto mgongoni. Nyumba ya Nafuu aliikuta imefungwa kwa kufuli, vitanda vimeegeshwa barazani kama mbao za kuuza. Jirani akamwelekeza zahanati alikohamishiwa Esteri. Esteri hakuweza kumtazama usoni. Alisema waliamriwa wenye ndugu wachukuliwe, wasio na ndugu warudi walikotoka. Sindano zilikuja na lile fungu na zimeondoka nalo. Huenda mwakani. Lile "huenda" alilisema akiwa amekwisha kugeukia dirishani.

Ndayikunda alimkuta stendi ya Kibondo, nyuma ya vyoo, amejifunika magunia. Shati la mistari lilikuwa na rangi ya barabara.

"Ndayikunda."

Akatazama juu, kushoto, ndipo akamwona. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Mshike mtoto uamini."

Akaficha mikono kwapani. "Nesi aliweka simu sauti ya nje," akasema. "Nikasikia mwanamume anasema hatuna mtu huyo. Nikafurahi, nikasema hizi ni sauti zangu tu, zinanidanganya. Nikamuuliza nesi, na wewe umesikia? Akasema nimesikia."

Nasma akamweleza yote, la jina, la maharage, la Mansuri juu ya robota. Ndayikunda akasikiliza. Akatabasamu kidogo, akasema Mansuri hakukosea, angejuaje.

"Basi twende nyumbani. Chumba kipo."

"Juzi niliamka nimeshika jiwe, mama Mwanaamina. Sijui nilitaka kumpiga nani." Akamtazama mtoto, aliyekuwa anamnyooshea kidole kama rafiki wa zamani. "Sindano ikiisha mwilini, mimi si mtu wa kulala nyumba moja na huyu."

"Ulisema utanioa."

"Bado nataka. Ndiyo maana nakwambia upande gari."

Nasma akalia pale pale, mbele ya wapiga debe. Alimwachia chapati na mtandio wake wa kijani ajifunge shingoni, akamwahidi atarudi Jumapili, na kila Jumapili, mpaka mlango wa ile nyumba ufunguliwe na yeyote mwenye ufunguo. Ndayikunda akambeba Mwanaamina kwa macho tu mpaka kwenye Noah, gari dogo la abiria la Kasulu.

Gari liliponguruma, Nasma akashusha kioo, akapaza sauti ileile ya genge.

"Ndayikunda!"

Wamama wawili wa Kiha wakacheka. Ndayikunda akasikia. Nasma aliona kabisa kichwa kikiinuka na uso ukipata nuru, kama zamani, na akaisoma midomo ikisema "naam".

Lakini alikuwa ameuelekea ukuta, ubavu kwa gari, kana kwamba aliyemwita kwa jina yumo humo ukutani. Aliitika huko, kwa heshima, na akatega sikio kungoja aambiwe nini.